Daftari la Hitilafu katika Programu Huria: Funzo kutoka Duka la Leso la Biashara Street, Mombasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mifumo ya kufuatilia hitilafu katika miradi ya programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Mifumo hii hutazamwa kwa kawaida kama mali ya wanakompyuta peke yao. Makala yanadai kinyume. Baadhi ya makosa ambayo watumiaji huyaita "Kiswahili kibovu cha kompyuta" hayatokani na mfasiri bali yamo katika msimbo wenyewe, na mfasiri, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuyaondoa. Dawa yake huanza na taarifa iliyoandikwa vizuri katika daftari la hitilafu, na kuiandika taarifa hiyo ni kazi ya mtu anayeijua sarufi ya Kiswahili. Hoja hii inafafanuliwa kwa mfano wa kufikirika wa duka la leso katika Biashara Street, kisiwani Mombasa.

1.0 Utangulizi

Biashara Street ni mtaa unaokutana na Barabara ya Digo, karibu na Mji wa Kale wa Mombasa. Umaarufu wake ni wa nguo: leso, vikoi, mashuka na vitambaa vya kila namna. Miongoni mwa maduka yake limo lile la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo chapa yake ya "Mali ya Abdulla" inafahamika kote katika pwani ya Waswahili. Leso, au kanga kama inavyoitwa kwingine, huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina ndilo ujumbe unaosomwa. Hapo zamani liliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye likaandikwa kwa hati za Kirumi.

Leso haichapishwi dukani. Kwa muda mrefu zilitoka Ulaya, baadaye Japani, na siku hizi nyingi hutoka India, mbali na nyingine zilizochapishwa katika viwanda vya Afrika Mashariki. Kwa hiyo, kati ya anayetunga jina na anayelichapa kuna bahari, na mara nyingi anayelichapa hakijui Kiswahili. Ichukuliwe kwamba herufi moja imekosewa katika jina. Kosa hilo halitakuwa la kipande kimoja, bali litarudiwa katika kila doti ya mzigo huo. Wa kwanza kuling'amua hatakuwa mchapaji, bali mnunuzi aliyesimama mbele ya meza ya duka. Mnunuzi huyo atacheka, au atamwambia muuzaji, na muuzaji atatikisa kichwa. Pasipoandikwa lolote, mzigo ujao utakuja na kosa lilelile.

Kinachokosekana hapo si ujuzi wa lugha, kwa kuwa mnunuzi anao. Kinachokosekana ni daftari: mahali pa kuandika nani ameona kosa, kwenye leso ipi, imeandikwa nini, ilipasa kuandikwa nini, ujumbe umepelekwa kwa nani, na jibu lake ni lipi. Programu za kompyuta zinazotumika katika maduka hayohayo zina tatizo la aina hiyo, ila zile zilizo huria zina daftari tayari. Makala haya yanaeleza jinsi daftari hilo linavyofanya kazi, na kwa nini kurasa zake zinawahusu wanafunzi wa Kiswahili.

2.0 Suala la Istilahi: Kosa, Kasoro, Hitilafu na "Mdudu"

Katika Kiingereza, kasoro ya programu hupewa jina la mdudu. Simulizi maarufu husema kwamba jina hilo lilianza tarehe 9 Septemba 1947, wakati mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walipomkuta nondo ndani ya mtambo na kumbandika katika daftari lao la kazi. Tukio hilo ni la kweli, lakini si asili ya neno. Thomas Edison alikuwa amelitumia kwa maana ya kasoro za mitambo katika barua ya mwaka 1878. Hata hivyo, kisa cha nondo kina funzo moja: mafundi hao hawakumtupa mdudu na kuendelea na kazi. Waliandika.

Je, Kiswahili kiseme "mdudu"? Tafsiri hiyo ya moja kwa moja ina udhaifu wa aina mbili. Kwanza, neno mdudu katika matumizi ya Kiswahili limebeba maana za maradhi, kuanzia mdudu wa kidole hadi tasfida ya virusi vya UKIMWI. Pili, mdudu huingia kutoka nje, ilhali kasoro ya programu huwekwa na binadamu aliyeiandika. Aidha, Kiswahili kina maneno matatu yanayoweza kugawana kazi hiyo kwa usahihi zaidi.

(a) Kosa: tendo la mtu. Mwanaprogramu amefikiri vibaya au ameandika vibaya.

(b) Kasoro: upungufu unaobaki ndani ya msimbo kutokana na kosa hilo. Maana ya upungufu imo katika neno lenyewe, kama inavyodhihirika katika "saa tatu kasorobo", yaani saa tatu ikipungua robo.

(c) Hitilafu: kile ambacho mtumiaji hukiona. Neno hili lina asili ya Kiarabu na limebeba maana ya tofauti. Hitilafu ya programu ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea.

Mpangilio huu una faida ya kielimu. Mtumiaji huona hitilafu. Hawezi kuiona kasoro asipofungua msimbo, wala hawezi kujua kosa lilikuwa la nani. Kwa hiyo jina linalofaa kwa mfumo unaopokea taarifa za watumiaji ni daftari la hitilafu, na ndilo linalotumika katika makala haya.

3.0 Chimbuko la Daftari la Wazi

Mwaka 1994 Ian Jackson alianzisha mfumo wa kufuatilia hitilafu wa mradi wa Debian, ambao hutengeneza mfumo endeshi wa kompyuta kwa kujitolea. Mfumo huo ulitumia barua pepe: mtumiaji aliandika barua, mfumo ukaipa nambari, na kila jibu lililofuata likahifadhiwa chini ya nambari hiyo. Mwaka 1997 mradi huo ulitangaza mkataba wake na jamii, na mojawapo ya ahadi zake ni kwamba matatizo hayatafichwa na daftari lote la hitilafu litakuwa wazi kwa umma wakati wote. Ahadi hiyo ilikuwa ngeni katika biashara ya programu, ambako orodha ya kasoro ilihesabiwa kuwa siri ya kampuni.

Mwaka 1998 kampuni ya Netscape iliutoa wazi msimbo wa kivinjari chake, na mradi wa Mozilla ukazaliwa. Mwaka huohuo Terry Weissman alitengeneza Bugzilla ili ichukue nafasi ya mfumo wa ndani wa kampuni hiyo. Bugzilla yenyewe ni programu huria, na kwa hiyo miradi mingine mingi iliichukua. Ofisi huria ya LibreOffice, kwa mfano, huitumia kupokea taarifa za watumiaji wake.

Daftari la wazi liliweza hata kubeba malalamiko ya kisiasa. Mnamo Agosti 2004 Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu, aliandika hitilafu nambari 1 ya mradi wake: kwamba kampuni ya Microsoft ndiyo iliyotawala sehemu kubwa ya soko la kompyuta. Taarifa hiyo ilikaa wazi hadi mwaka 2013 alipoifunga. Ingawa ilikuwa na chembe ya mzaha, ilifuata utaratibu wa daftari kikamilifu: ilikuwa na nambari, mwandishi, tarehe, maelezo na mwisho.

Mnamo 1997 Eric Raymond alitoa insha iliyofananisha utengenezaji wa programu za siri na ujenzi wa kanisa kuu, na utengenezaji wa programu huria na soko lenye kelele. Wazo lake mojawapo ni kwamba wakaguzi wakiwa wengi, kasoro hugunduliwa upesi. Yeyote aliyewahi kutembea Biashara Street siku chache kabla ya Idi atauelewa mfano wa soko bila kuelezwa. Lakini wingi wa watu sokoni hauhakikishi kwamba kuna anayekagua. Kasoro iliyoitwa Heartbleed, katika programu huria ya usalama ya OpenSSL, ilitolewa kwa watumiaji mwezi Machi 2012 na haikutangazwa hadi Aprili 2014, ilhali msimbo ulikuwa wazi kwa miaka yote hiyo miwili. Uwazi ni nafasi tu. Lazima apatikane mtu wa kuitumia, mwenye jicho la kuona aina ile hasa ya kasoro.

4.0 Mwendo wa Taarifa Ndani ya Daftari

Ingawa miradi hutofautiana, taarifa nyingi hupitia hatua zifuatazo.

(i) Kupokelewa. Taarifa hupewa nambari ya kudumu, na kuanzia hapo kila mtu huitaja kwa nambari hiyo.

(ii) Kuthibitishwa. Mtu mwingine hufuata hatua zilizoandikwa ili aone kama hitilafu itajitokeza kwake pia.

(iii) Kupimwa uzito. Debian, kwa mfano, ina ngazi kadhaa, kuanzia hitilafu inayoharibu mfumo mzima hadi ombi la kuongezewa kitu ambacho hakikuwapo.

(iv) Kukabidhiwa. Mwanaprogramu mmoja huichukua na kuwajibika.

(v) Kutatuliwa. Hapa neno kutatuliwa lina maana pana. Hitilafu inaweza kurekebishwa kwa kiraka. Inaweza kukutwa kuwa marudio ya nyingine iliyokwisha kuandikwa. Inaweza kuamuliwa kuwa si hitilafu, au kwamba haitarekebishwa, au kwamba haikuonekana kwa mkaguzi.

(vi) Kuhakikiwa na kufungwa. Anayehakiki huangalia kama dawa imefanya kazi. Ikibainika kwamba haikufanya, taarifa hufunguliwa upya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba majibu mengi katika hatua ya (v) hutegemea maandishi ya mleta taarifa. Taarifa isiyoeleweka haikataliwi kwa sababu mwandishi wake ni mdogo, bali kwa sababu hakuna awezaye kuifuata. Hapo ndipo taaluma ya lugha inapoingia.

5.0 Mfano wa Duka la Leso

Ichukuliwe kwamba mwenye duka mmoja wa Biashara Street anatumia programu huria kuweka hesabu za mali yake. Duka na programu hiyo ni vya kufikirika, lakini aina ya kasoro itakayoelezwa ni ya kweli na inafahamika sana kwa wafasiri wa programu. Skrini ya programu imefasiriwa kwa Kiswahili. Mzigo unapoingia, programu huonyesha jina la bidhaa likifuatwa na hali yake. Mwenye duka anasoma:

Leso mpya
Kikoi mpya
Shati mpya

Mstari wa kwanza ni sahihi. Wa pili na wa tatu umevunja upatanisho wa kisarufi, kwani ilipasa kuwa "kikoi kipya" na "shati jipya". Karani anasema kwamba aliyefasiri hakijui Kiswahili. Hukumu hiyo ni ya haraka, na si ya haki.

Mfasiri wa programu hapewi sentensi nzima. Hupewa orodha ya maneno na mafungu ya maneno yaliyochomolewa katika msimbo. Mwanaprogramu, akifikiri kwa Kiingereza, aliandika neno moja tu lenye maana ya "-pya" na kuliunganisha na jina lolote litakaloingizwa na mwenye duka. Katika Kiingereza kivumishi hicho hakibadiliki. Katika Kiswahili mzizi "-pya" haujitegemei. Husubiri nomino iuambie ni mpya, wapya, mipya, jipya, mapya, kipya au vipya. Mfasiri akichagua "mpya", kikoi kinakosewa. Akichagua "kipya", leso inakosewa. Hakuna neno moja analoweza kuliandika katika nafasi hiyo likawa sahihi kwa bidhaa zote. Kwa hiyo kasoro haimo katika tafsiri. Imo katika msimbo uliodhani kwamba sentensi ya kila lugha hujengwa kwa kubandika kipande juu ya kipande.

Hali ni hiyohiyo katika idadi. Programu inapoonyesha "Leso 1 imeuzwa" na kisha "Leso 3 imeuzwa", mstari wa pili una kosa, ingawa nomino yenyewe haikuhitaji kubadilika. Wingi wa leso hauonekani katika nomino bali katika kiambishi cha kitenzi: "Leso 3 zimeuzwa". Mwanaprogramu aliyezoea kuongeza herufi mwishoni mwa nomino ili apate wingi hakukumbuka kwamba kuna lugha ambazo wingi hukaa mwanzoni mwa neno, au hukaa katika neno jingine kabisa.

Zana za kutibu sehemu ya tatizo hili zipo. Mfumo wa gettext, unaotumiwa na miradi mingi huria kushughulikia tafsiri, humruhusu mfasiri kuandika sentensi nzima ya umoja na sentensi nzima ya wingi. Tangu mwaka 2006 mfumo huo pia humruhusu mwanaprogramu kuambatisha muktadha kwenye neno, ili neno moja la Kiingereza liweze kufasiriwa kwa namna tofauti mahali tofauti. Lakini zana hizo ziko mikononi mwa mwanaprogramu. Yeye hatazitumia kabla ya kuambiwa kwamba zinahitajika, na atakayemwambia ni yule anayeiona hitilafu na kuijua sababu yake.

6.0 Uandishi wa Taarifa

Mwenye duka aliyechoka angeandika hivi:

"Kiswahili cha programu hii ni kibaya sana. Rekebisheni."

Taarifa hiyo ni ya kweli, lakini haina manufaa. Mwanaprogramu aliye ng'ambo hajui ni skrini ipi, neno lipi, wala sahihi ni ipi. Ilinganishwe na hii:

Kichwa: Kivumishi "mpya" hakipatani na jina la bidhaa katika orodha ya mali.

Mazingira: Nambari ya toleo la programu, mfumo endeshi, lugha ya skrini ni Kiswahili cha Kenya.

Hatua: 1. Fungua orodha ya mali. 2. Ongeza bidhaa iitwayo "Kikoi". 3. Hifadhi.

Kilichotokea: Programu huonyesha "Kikoi mpya".

Kilichotarajiwa: "Kikoi kipya".

Maelezo: Katika Kiswahili kivumishi hufuata ngeli ya nomino. Kubadilisha tafsiri ya neno hili peke yake hakutoshi, kwa kuwa neno hilohilo hutumika kwa bidhaa zote.

Pendekezo: Nomino isiyobadilika itangulie, kisha jina la bidhaa lifuate: "Bidhaa mpya: Kikoi". Vivyo hivyo, badala ya "Leso 3 imeuzwa", iandikwe "Leso, idadi ya mauzo: 3".

Pendekezo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Programu haiwezi kujua ngeli ya kila jina ambalo mwenye duka atalichapa. Lakini ikiwa kivumishi kitapatana na "bidhaa", ambayo haibadiliki, na ikiwa hesabu itaning'inia kwenye "idadi", basi jina lolote linaweza kuwekwa baadaye bila kuvunja sarufi. Mwanaprogramu asiyejua ngeli hawezi kulifikia suluhisho hili. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu ya Kiswahili analifikia kwa dakika chache.

Taarifa ya hitilafu ina sajili yake, kama zilivyo sajili za mahakamani na hospitalini. Sentensi zake ni fupi. Haina matusi wala sifa. Hutenganisha kilichoonekana na kinachokisiwa. Zaidi ya hayo, njeo na hali za kitenzi hubeba taarifa za kiufundi. Linganisha:

(a) Programu hujifunga ninapohifadhi.
(b) Programu ilijifunga nilipohifadhi.
(c) Programu imejifunga.

Sentensi ya (a), kwa kiambishi hu-, inasema kwamba jambo hutokea kila mara, na kwa hiyo mkaguzi anaweza kulirudia. Sentensi ya (b) inasimulia tukio moja lililopita, ambalo huenda lisitokee tena. Sentensi ya (c) inasema hali bado ipo: programu haijafunguka. Mwandishi anayechanganya hu- na -li- anamtuma mkaguzi kutafuta kitu ambacho huenda hakipo. Katika daftari la hitilafu, uchaguzi wa kiambishi ni ushahidi.

7.0 Hitilafu au Tofauti ya Matumizi?

Si kila kinachomkera msomaji ni hitilafu. Ichukuliwe kwamba mtumiaji wa Dar es Salaam anaifungua programu ileile na kukuta orodha yenye neno "leso" mahali ambapo yeye angetarajia "kanga". Kwake, leso ni kitambaa kidogo cha kufutia jasho au kamasi. Anaandika taarifa kwamba neno limefasiriwa vibaya. Mwenye duka wa Mombasa naye, akiona neno limebadilishwa kuwa kanga, anaandika taarifa ya kutaka lirudishwe. Mwanaprogramu asiyejua Kiswahili atabadilisha huku na huko, na kila badiliko litazaa taarifa mpya.

Mgogoro huu hauhitaji mshindi. Mifumo ya kompyuta hutambua Kiswahili cha Kenya, cha Tanzania, cha Uganda na cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kama matawi ya lugha moja, na hazina ya data za lugha ya Unicode ina mafungu tofauti kwa nchi hizo. Jibu sahihi katika daftari ni kwamba hakuna tafsiri iliyokosewa, ila matawi mawili yametumia faili moja. Lakini jibu hilo linaweza kutolewa tu na mtu anayejua kwamba tofauti hiyo ni ya matumizi ya mahali, si ya usahihi. Mjadala kama ule wa "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi", ambao umeendeshwa kwa miaka mingi katika makongamano, nao unaweza kuamuliwa kwa ushahidi ikiwa watumiaji wataandika wapi walikwama na neno lipi liliwakwamisha.

8.0 Hali Katika Afrika Mashariki

Afrika Mashariki si ngeni katika programu huria. Mnamo Desemba 2004, mradi wa Kilinux uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya ofisi huria ya OpenOffice.org. Kazi hiyo ililazimu kuundwa kwa istilahi nyingi kwa mara moja. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS ulianza kubuniwa mwaka 2004 kwa ushirikiano uliohusisha Chuo Kikuu cha Moi, na ukaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Tangu hapo umeenea katika nchi nyingi. Ushahidi, jukwaa lililopewa jina la Kiswahili, lilizaliwa Kenya mwezi Januari 2008 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi.

Kila mojawapo ya kazi hizo inaonyesha umuhimu wa daftari. Tafsiri ya programu haimaliziki siku ya uzinduzi. Programu hutoa matoleo mapya, maneno mapya huongezwa, na tafsiri isiyofuatiliwa huanza kuonyesha viraka vya Kiingereza katikati ya Kiswahili. Katika mfumo wa hospitali madhara ni makubwa zaidi: neno linaloeleweka vibaya kwenye skrini linaweza kumfanya mhudumu aweke jibu katika nafasi isiyo yake. Dukani hasara ni ya doti kadhaa. Hospitalini ni ya mgonjwa.

Kizuizi kilichobaki ni lugha ya daftari lenyewe. Miradi mingi ya kimataifa huandika na kusoma taarifa kwa Kiingereza. Mwenye duka anayefikiri na kuhesabu kwa Kiswahili huona hitilafu kila siku, lakini hana mlango wa kuingilia. Matokeo yake ni ukimya, na katika daftari la hitilafu ukimya husomwa kama kuridhika. Mradi usiopokea taarifa yoyote kuhusu Kiswahili una kila sababu ya kuamini kwamba Kiswahili chake hakina tatizo, au kwamba hakina watumiaji. Imani hiyo ya pili ndiyo ya hatari, kwa kuwa lugha inayodhaniwa haina watumiaji haitengewi muda wa mtu.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuziba pengo hilo kwa kuwa wapokezi. Mtumiaji angetoa taarifa yake kwa Kiswahili, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwanafunzi angeihakiki, angetenganisha kosa la tafsiri na kasoro ya msimbo, angechunguza kama imeandikwa tayari, kisha angeiandika kwa Kiingereza katika daftari la mradi na kumrudishia mtumiaji nambari na jibu. Kazi hiyo haihitaji ujuzi wa kuandika msimbo. Inahitaji sarufi, tafsiri na uvumilivu.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba daftari la hitilafu ni utaratibu wa kuyapeleka maneno ya mtumiaji hadi kwa mtu anayeweza kuirekebisha kasoro, na kumrudishia mtumiaji jibu. Kwa programu za Kiswahili utaratibu huo una uzito wa pekee, kwa kuwa kasoro za upatanisho, wingi na tofauti za matumizi hazionekani kwa mwanaprogramu asiyeijua lugha, na hazitibiki kwa mfasiri asiyeweza kuufikia msimbo. Anayeweza kuwaunganisha wawili hao ni mwanaisimu. Mnunuzi wa leso aliyeona herufi imekosewa hakuwa na pa kuandika. Mtumiaji wa programu huria anapo. Iliyobaki ni kuandika.

Maswali ya Majadiliano

1. Kwa kutoa mifano yako, eleza tofauti kati ya kosa, kasoro na hitilafu.

2. Programu inaonyesha ujumbe "Kitabu imefutwa". Andika taarifa kamili ya hitilafu hiyo, ukitoa pendekezo ambalo litafaa kwa nomino za ngeli zote.

3. Programu ya kalenda inaonyesha "saa 8 asubuhi" kwa mkutano ambao Mswahili angesema ni wa saa mbili asubuhi. Je, hiyo ni hitilafu ya tafsiri, kasoro ya msimbo, au suala la utamaduni wa kuhesabu saa? Jadili.

4. "Uamuzi kati ya leso na kanga si kazi ya mwanaprogramu." Tathmini kauli hii ukirejelea usanifishaji wa Kiswahili.